Jikoni ni chumba, hatuhitaji kicheni

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba Kiswahili hakina neno la chumba cha kupikia. Hoja yake ni kuwa jiko ni kile kifaa cha makaa, gesi au stima, na jikoni ni "penye jiko" tu. Basi tuseme kicheni, kama wanavyoandika wenye nyumba za kupangisha. Barua hiyo imenikosesha raha, na siwezi kuinyamazia.

Nilizaliwa Majengo, Pumwani, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Kila mama alikuwa na jiko lake la makaa, na yote yalipangwa uani chini ya kipande cha bati. Hapo ndipo jikoni. Mvua ya masika ikizidi, majiko yalihamishiwa barazani, na mama alikuwa akinituma, "Hebu nenda jikoni ukaniletee kinu," ilhali jiko lenyewe linawaka mbele ya miguu yake. Nilikwenda uani, wala sikumuuliza ni jikoni gani. Mtoto wa miaka mitano alijua kwamba jikoni ni mahali penye jina lake, jiko liwepo lisiwepo.

Mwaka 1984 nilipata nafasi ya kusoma Leningrad, wakati huo ikiwa bado katika Muungano wa Kisovieti. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kirusi. Katika bweni letu orofa nzima ilitumia chumba kimoja cha kupikia, na huko ndiko nilikojifunza lugha kuliko darasani, maana huwezi kungojea maji yachemke na watu usiongee. Warusi walikiita kukhnya, na Wabulgaria vivyo hivyo. Mpoland alisema kuchnia, Mcheki kuchyně, na msichana kutoka Yugoslavia kuhinja. Nikaamini ni neno lao la tangu mababu.

Kumbe sivyo. Walilichukua kutoka Kijerumani cha kale, nacho kililitoa Kilatini, coquina, kutokana na kitenzi coquere, yaani kupika. Warusi walilipata kwa kupitia Wapoland. Zamani Warusi walisema povarnya, kutokana na kitenzi varit', kuchemsha. Mpishi kwao hadi leo ni povar, na katika monasteri za kale jengo la kupikia bado linaitwa povarnya. Nyumba ya mkulima haikuwa na chumba cha kupikia hata kidogo. Ilikuwa na pech, tanuri kubwa la kupikia na kuotea moto, na pembe iliyoelekea mdomo wa tanuri ilikuwa mahali pa wanawake.

Hiyo pech naipenda sana. Wataalamu wa historia ya lugha wanaeleza kwamba pech na coquere ni ndugu wa shina moja la kale, ila Kilatini kiliigeuza p ya mwanzo ikafanana na konsonanti ya silabi iliyofuata. Kwa hiyo Waslavi, yaani Warusi, Wapoland na jamaa zao wa lugha, walikuwa na tawi lao la neno hilo mdomoni siku zote, likiwa tanuri, kisha tawi jingine likazungukia Roma na Ujerumani likawafikia likiwa chumba. Na hiyo kicheni tunayoambiwa tuikimbilie ni mtoto wa coquina huyohuyo, aliyelelewa Uingereza.

Sasa nirudi kwa msomaji wetu. Kwa Kipolandi, kuchnia ni chumba. Ni jiko pia. Tena ni mapishi ya nchi nzima. Mwenzangu yule aliweza kuteleka sufuria juu ya kuchnia, akiwa ndani ya kuchnia, huku akitusifia kuchnia ya kwao, na wenzake wakamwelewa. Sijasikia Mpoland akilalamika kuwa lugha yake ina upungufu. Sisi tumejaliwa zaidi: kwa silabi moja tu, -ni, tunatenga kifaa na chumba. Iweje neno linalotenga vizuri namna hii ndilo liitwe pungufu?

Anasema pia kwamba kwenye bedsita hakuna jikoni kwa sababu mtungi wa gesi umekaa karibu na kitanda. Mpwa wangu anaishi katika chumba cha aina hiyo huko Umoja. Nikimpigia simu jioni hunijibu, "Shangazi, niko jikoni," naye yuko hatua tatu kutoka kitandani. Ametundika pazia, basi. Pazia lile na neno lile vimemjengea chumba.

Na tukiliacha neno hili, tutaacha mangapi pamoja nalo? Kijana akioa tunasema amepata jiko. Jirani zangu Wakikuyu husema riiko, neno la ukoo mmoja na letu, na wanapolitamka nasikia kwetu. Lile jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani, lililoenea hapa Kenya tangu miaka ya 1980, linajulikana hata ng'ambo kwa jina hilohilo: wataalamu wa nishati huandika "jiko" hata wanapoandika Kiingereza. Wageni wanaliazima, sisi tunataka kulitupa!

Mhariri, sipingi kuazima. Meza, sahani na birika tumeviazima na vimetufaa. Ninachopinga ni kufukuza aliye nyumbani ili mgeni apate pa kulala.

Katika ukurasa wako wa matangazo ya nyumba wa Jumamosi iliyopita, kicheni imetokea mara nne. Nimeukata ukurasa huo na kuuambatanisha na barua hii. Kila mahali nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika jikoni. Naomba umpe anayepanga matangazo.

Mkazi wa Pumwani,
Nairobi