Nilizidi uzito, nikapigana nikashinda, sasa promota hanilipi na bado ananidai mimi

Habari zenu wakili na wasomaji wote, wakubwa shikamooni. Mimi ni bondia wa ngumi za kulipwa, naishi Manzese hapa Dar, nina miaka 26, naombeni ushauri maana nimekwama na siku zinazidi kuisha.

Nilisaini pambano la raundi 8, uzito wa laiti, yaani mwisho kilo 61.2, malipo milioni 3, nikachukua adivansi laki 8. Simu ilikuja zimebaki wiki tatu tu na mimi nilikuwa na kilo 68, kocha akasema inawezekana, na kodi ya nyumba nilikuwa nadaiwa nikasema sawa. Siku mbili za mwisho sikunywa hata maji, nakimbia na koti la mvua juu ya sweta, natema mate kwenye chupa, mizani ya gym ikasoma 61.4 nikalala nikijua kazi imeisha. Kwenye kupima wakaleta mizani ya digito, nikavua mpaka bukta wakanizungushia taulo, ikasoma 62.6. Nikapewa masaa mawili, nikarudi barabarani miguu imekaza kama kuni, nikapanda tena ikasema 62.1 na hapo haikushuka tena. Kosa ni langu silikatai, mizani ya pale ndo mizani.

Ila mkataba umeandika nikizidi uzito nakatwa asilimia 20, yaani laki 6, anapewa mpinzani. Mpinzani alitoka Malawi, kambi yake ikakaa na promota wakakubali tupigane, tukasaini karatasi palepale, nikakubali hiyo laki 6 iende. Kesho yake ukumbi ukajaa, tukapigana raundi zote nane nikashinda kwa pointi. Promota akasema njoo Jumatatu, Jumatatu ikawa Alhamisi, mwisho hapokei simu. Alafu wiki iliyopita kijana wa boda akaleta bahasha nyumbani, mama alikuwa anachambua mchele akaipokea akasaini bila kujua ni nini, kumbe barua ya wakili. Inasema nimevunja mkataba kwa hiyo sidai kitu, nirudishe laki 8, nilipe na tiketi za ndege na hoteli ya mpinzani, jumla milioni 4 na laki 3 ndani ya siku 14 la sivyo tukutane mahakamani. Tangu siku hiyo mama hali vizuri, na hilo ndo linaloniumiza kuliko hata hizo hela.

Binamu yangu anasoma sheria, kanionesha Sheria ya Mikataba Sura ya 345 kifungu cha 74, kwamba mkataba ukishataja kiasi cha kulipa mtu akivunja, fidia haizidi kile kiasi. Sasa mimi nauliza, laki 6 si ndo hiyo? Mwaka 2006 kule Marekani bondia Castillo alizidi uzito, mpinzani wake Corrales akagoma, pambano likafutwa, hapo naelewa mtu kudai hasara. Na mwaka 2025 bondia wa Uingereza Chris Eubank Jr alizidi kwa kama gramu 23, akakatwa dola 500,000 na pambano likapigwa. Langu nalo limepigwa, watu wamelipa kiingilio, wangeona sifai si wangenizuia kabla ya kengele?

Kwa hesabu yangu bado nadai milioni 1 na laki 6. Shida ni kwamba ile karatasi ya makubaliano anayo promota, mimi nina picha niliyopiga na simu, sahihi yangu na ya meneja wa mpinzani zinaonekana vizuri ila ya promota imekatika nusu. Picha kama hiyo mahakama inaipokea? Na barua niijibu mwenyewe au lazima niwe na wakili, maana hela ya wakili sina, au nianzie kwanza kamisheni ya ngumi kwa sababu msimamizi wao alikuwepo wakati tunasaini?

Zimebaki siku 6. Naombeni mnijibu.

Bondia, Manzese