Sukari ya kunywa inawanenepesha watoto

Mhariri,

Mtoto kunenepa kupita kiasi bado husifiwa kuwa ni dalili ya afya njema, na jambo hili linaniumiza. Tutazame vinywaji kwanza. Soda ya mililita 330 huwa na takribani gramu 35 za sukari, na sukari ya kunywa haishibishi kama chakula: mtoto huimaliza, kisha hula mlo wake wote kama kawaida. Hata juisi, ambayo wazazi wengi tunaiamini mno, hukosa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za tunda zima. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari. Naomba kliniki za watoto zituambie haya mapema, kabla mtoto hajaonja kijiko cha kwanza cha uji.

Mzazi mwenye wasiwasi