Kile kitanda changu cha Kayole

Mwanangu,

Hujambo mama. Jana uliponiuliza kwa simu nitarudi lini nilikwambia netiwaki inasumbua nikakata, na haikuwa inasumbua. Nilikosa vile ya kukwambia. Sasa nimekaa hapa mlangoni, mvua inanyesha, wacha nikuandikie.

Sirudi Nairobi. Najua umeniwekea kitanda hapo Kayole na kodi unalipa peke yako ukingoja nichoke na kijiji.

Nilikuwa Nairobi soko la Gikomba tangu 2001, wewe ukiwa mgongoni. Huku nyumbani nilikuwa nakuja Disemba na kwa matanga tu, nakaa siku nne, nalala hapa Luanda ya Vihiga nikiwaza mzigo wa mitumba nimeachia nani, sasa ukifikiria, mtu anayejua kwao kwa Krismasi na mazishi anajua nini? Machi ya huku sikuwahi kuiona. Mama mdogo wako alinitoa kitandani saa kumi na mbili tukaenda shamba, mahindi na maharagwe shimo moja, na unajua mawe yetu ya Bunyore, jembe linagonga jiwe mkono mzima unatetemeka. Kufika saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka nikawa nashikilia mpini kwa kitambaa cha kichwa. Mama mdogo hakusema kitu, aliacha laini yake akaja kunimalizia yangu. Nililia mama, na si kwa uchungu wa mkono.

Na mvua nayo, mimi nilitaka tupande mapema nikaambiwa ngoja kwanza, watu wa Nganyi, ule ukoo wa kutabiri mvua, wasikike. Wao husoma miti na wadudu na upepo, na siku hizi hata watu wa idara ya hali ya hewa hukaa nao chini kabla ya kutangaza msimu. Nilikuwa nimesahau kabisa hiyo kitu iko kwetu, hapo hapo Emuhaya.

Sikudanganyi ati ni raha tupu. Miezi ya kwanza kila mtu alidhani nimekuja na pesa, kadi za harambee zilikuwa zinaletwa mpaka jikoni, na nikisema sina wanaona nawaficha. Iliniuma sana. Wengine walinong'ona Nairobi imenishinda. Ule moto wa Gikomba wa Juni 2018 nilikwambia nimepoteza stoo peke yake, lakini nilipoteza na ile nguvu ya kuanza upya kila mara, watu 15 walikufa mle mwanangu, na wengine tulikuwa tunawajua kwa sura. Baada ya hapo nilikuwa naamka usiku nanusa kama kuna moshi. Huku nalala mpaka jogoo.

Biashara iko. Nauza nguo za watoto Luanda sokoni, jicho la Gikomba halijaniacha, nikifungua mzigo naona kamera, ile nguo safi kuliko zote, kabla mkono haujafika, na akina mama wananiita tubonge bei wakijua nitawapa nguo nzuri. Faida ni ndogo lakini mboga sinunui, mrenda na kunde ziko nyuma ya nyumba. Bati la baba yako linavuja pale kwa meza, nimeweka sufuria, nitatafuta fundi nikiuza mahindi.

Wewe usiache kazi unifuate, sijaandika kwa ajili ya hiyo. Kuja tu mahindi yakiwa mabichi, ukipita ile alama ya ikweta Maseno unipigie nikungoje stegi.

Kitanda mpe yule msichana jirani anayelala chini na mtoto. Godoro pia. Ile blanketi ya kijani usitoe, kuja nayo, usiku wa mvua huku ni baridi.

Mama yako