Kundi lenu msilihamishie Telegram

Shangani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto. Huku hatujambo.

Umeniuliza kama kundi la wagonjwa wenu wanaotumia dawa za kufubaza VVU mlihamishie Telegram, kwa kuwa mmesikia ni ya siri zaidi. Nakuomba msifanye hivyo. Telegram ina mazungumzo ya siri kweli, lakini ni ya watu wawili tu, na lazima uyawashe mwenyewe. Kundi halipati kinga hiyo: yanayoandikwa humo hukaa kwenye seva za kampuni, na kampuni ina uwezo wa kuyafungua. Kwa hilo WhatsApp mliyo nayo ni bora. Tangu 2016 inafunga ujumbe kuanzia simu ya anayeandika hadi ya anayesoma.

Ila kwenu siri haimo kwenye maneno peke yake. "Njoo kesho uchukue dawa" yaweza kuwa dawa ya chochote. Kujua nani yumo kundini, hapo ndipo mtu anapoumia, na Newala ni mji mdogo. Kwenye WhatsApp jina la kundi na picha yake havimo ndani ya kufuli. Sera yao wenyewe inasema wanavikusanya.

Ndiyo maana nasema mtumie programu ya Signal. Huko hata jina la kundi na orodha ya waliomo hufungwa. Ni bure, haina matangazo, inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilipowadai taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe aliyojiunga na siku ya mwisho aliyoingia mtandaoni. Kujiandikisha kunataka namba ya simu, lakini wenzako kundini si lazima waione, na wapo watakaokubali kuingia kwa sababu hiyo tu.

Kinachonitia hofu hasa ni simu zenyewe. Kufuli la Signal litamsaidia nini mama ambaye simu yake inashikwa na mume, na shemeji, na kijana anayeipeleka dukani kuchajiwa? Siku ya kliniki kaeni nao mmoja mmoja: namba ya siri kwenye skrini, arifa zisionyeshe jina wala ujumbe, na ujumbe ujifute wenyewe. Mimi ningeweka wiki moja. Wenye vitochi waoneni ana kwa ana, kwa sababu SMS haifungwi kuanzia simu hadi simu.

Na jina la kundi libadilisheni leo hii, hata kabla ya kuhama. Liiteni jina la kikoba, au la kilimo cha korosho.

Ukija Ligula kwenye mafunzo, pitia kwangu. Tutaiweka Signal pamoja na kulinganisha namba ya usalama kwenye simu zetu, ile inayothibitisha kuwa hakuna aliyeingia kati yetu, uone inavyofanyika kabla hujawafundisha wenzako. Niambie tu siku, nisitoke nyumbani.

Wako,
Zainabu