Mvua ya Kiingereza hupimwa kwa uzito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu safu yenu ya Kiingereza ya Jumamosi iliyopita, ambamo mwandishi alieleza kwamba "fast" ni mwendo wa kasi na "quick" ni jambo la muda mfupi, hivyo ajuaye maana hatakosea. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanamwacha mwanafunzi njiani, kwa sababu chakula kinachoandaliwa kwa muda mfupi, ambacho kwa kanuni hiyo kingestahili "quick", wenye lugha wamekiita "fast food", na hapo kilichoamua ni mazoea tu.

Wiki hiyohiyo mjukuu wangu alirudi na daftari lenye insha kuhusu masika hapa Dar es Salaam. Alikuwa ameandika "big rain", akawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni hapakuwa na neno lolote. Mtoto alifikiri kwa Kiswahili, maana kwetu mvua ni kubwa, upepo ni mkali na jua nalo ni kali. Mwingereza huipima mvua kwa uzito, "heavy rain", na upepo huupa nguvu, "strong wind". Hata chai iliyokolea majani huipa nguvu, "strong tea", wala hasemi "powerful tea", ingawa kamusi huyaweka maneno hayo mawili jirani kama pacha.

Nasi tuna ya kwetu. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu. Mgeni akituambia kwamba anagonga pasi tutamwelewa, tutacheka kidogo na kumsahihisha, lakini hatutamtungia kanuni ya tofauti kati ya kupiga na kugonga. Vivyo hivyo "safe and sound", ambayo kwetu ni salama salimini: hakuna anayekaa kupambanua salama ni ipi na salimini ni ipi.

Ombi langu ni kwamba safu hiyo iwe inatoa fungu zima la maneno, neno na mwenzake, na pale ambapo sababu haipo, mwandishi aseme waziwazi kuwa ndivyo wanavyosema. Walimu nao, wakikosoa, waandike kando kilicho sahihi. Katika daftari lile nimeandika mwenyewe "heavy rain" kwa penseli, chini ya wino mwekundu.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam