Kwako mdogo wangu, kabla hujamchagua mbwa

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza mbwa wa aina gani anafaa nyumba yenye watoto wadogo. Naomba uliweke swali la aina pembeni kidogo, maana ndilo linalowafanya watu wengi waishi na mbwa wasiyemwelewa.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusu mbwa zaidi ya 18,000. Wenye mbwa walijaza maswali kuhusu tabia za mbwa wao, na zaidi ya 2,000 kati ya mbwa hao wakapimwa vinasaba. Ikaonekana kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Aina itakuambia atakuwa mkubwa kiasi gani na manyoya yake yatahitaji kuchanwa mara ngapi. Kama atapenda kupakatwa, kama ataogopa radi, kama atavumilia kelele za watoto, hayo utayasoma kwake mwenyewe.

Ukienda kuwaona watoto wa mbwa, nenda mara mbili kwa saa tofauti, kwa sababu aliyetoka kushiba na kulala huonekana mpole kuliko alivyo. Omba uonyeshwe mama yao pia. Mama mwenye woga mwingi anaweza kuwarithisha wanawe, kwa damu na kwa malezi. Kaa sakafuni bila kuwaita. Yuko atakayekurukia, yuko atakayekupima kwa mbali kisha aje, yuko atakayejificha. Halafu dondosha funguo hatua mbili tatu kutoka walipo. Wote watashtuka, na si kosa. Angalia nani anarudi kuzinusa. Kwa nyumba yako ningemchukua yule anayepima kwanza kisha akaja. Asiondoke kwao kabla ya wiki 8, kwani ni kwa ndugu zake anajifunza kupunguza nguvu ya meno: akiuma sana mwenzake hulia, na mchezo hukoma. Ila ujue tabia ya mtoto hubadilika sana akikua. Ukitaka uhakika zaidi, chukua mbwa aliyevuka miaka 2.

Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi ambao hautarudi tena. Mwonyeshe kidogo kidogo kila siku: mtu aliyevaa kofia, mwavuli unaofunguliwa, mtoto anayelia, ngazi. Kila kimoja kiandamane na kipande cha nyama kidogo kama punje ya harage. Akikataa kula, mmesogea karibu mno, rudini nyuma. Chanjo zikiwa hazijakamilika mbebe mikononi, usimweke chini mahali wanapopita mbwa wengine.

Lugha ya mwili ningependa watoto waijue kabla mbwa hajafika nyumbani. Mkia unaotikisika si furaha kila mara. Ukiwa umelegea na kiuno kinayumba nao, amefurahi. Ukisimama wima, ukatikisika kwa kasi huku mwili umekakamaa, jihadharini. Mbwa aliyechoka kushikwashikwa huanza kwa ishara ndogo: hugeuza uso, huramba pua wakati hakuna chakula, hupiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho hutokeza pembeni. Asiposikilizwa huganda, kisha hunguruma, ndipo huuma. Tafadhali asigombezwe kwa kunguruma. Hofu yake haitaondoka kwa kunyamazishwa. Kitakachoondoka ni onyo, na siku nyingine atauma bila taarifa.

Wafundishe watoto hivi: mpapase kifuani kwa sekunde tatu, toa mkono, ngoja. Akisogea au akikusukuma kwa pua, endelea. Akibaki pale pale au akageuka, amekataa. Asikumbatiwe shingoni, asiguswe akila wala akilala.

Na ule uso wa mkosaji, masikio chini na macho pembeni, usiuamini. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba hutokea zaidi mbwa anapokaripiwa, hata kama hakula kilichokatazwa. Ni jibu kwa sauti yako.

Mbwa mwoga watu humkimbia, na mimi ndiye ninayemthamini kuliko wote, kwa sababu imani yake haigawi ovyo. Akiisha kukukubali, anajua hata hatua zako koridoni. Usimvute kwenda kwa wageni. Waambie wamwache, wakae, watazame kwingine. Mpe kona ambayo hakuna anayemfuata. Radi ikipiga, funga madirisha na mliwaze akija kwako. Kumliwaza hakumfundishi woga.

Mchangamfu naye hupendwa na kila mtu mpaka amuangushe mgeni. Akiruka, mgeuzie mgongo kimya. Miguu yote minne ikigusa sakafu, msalimie papo hapo. Nyumba nzima ifanye hivyo, maana mmoja akimchekea anaporuka, mazoezi ya wiki nzima yameharibika.

Anayelinda bakuli si mbwa mbaya. Kumnyang'anya kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Pita kwa umbali wa mita mbili, mrushie kitu kitamu zaidi ya anachokula, nenda zako. Sogea nusu hatua siku nyingine, ikiwa tu mwili wake haukakamai. Watoto wasiifanye kazi hii. Akiganda au akinguruma, acha, utafute mtaalamu wa tabia za mbwa.

Akifika miezi 8 hivi utadhani amesahau kila kitu. Utafiti wa mwaka 2020 uligundua kwamba mbwa wa umri huo hupuuza amri ya mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi 5, ingawa mtu mgeni wanamsikiliza. Ni balehe. Wengi hugawa mbwa wao wakati huu, na inaniuma, kwa sababu inapita. Rudi kwenye mazoezi mafupi ya dakika tano, mfunge kamba ndefu nje, usipandishe sauti.

Mwisho, tabia ikibadilika ghafla usiite ukaidi. Mpole aliyeanza kununa akiguswa mgongoni, mchezaji asiyetaka tena kupanda ngazi, mzee anayezurura usiku na kusimama upande usiofunguka wa mlango: mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, akaangaliwe meno, masikio na viungo. Andika tarehe ulipoona badiliko, na umrekodi kwa simu akitembea, kwa sababu mbele ya daktari mbwa wengi huficha kuchechemea.