Wifi, Krismasi Hii Usiibebe Peke Yako

London, Novemba

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mdogo wangu na kwa watoto. Mama mpe shikamoo yangu. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeshaingia, na saa kumi jioni taa za barabarani zinawaka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na kicheko ulichoweka mwishoni hakikunidanganya. Watu wa Dar wameshakupigia kukwambia wanapanda tarehe 24, na hakuna hata mmoja aliyeuliza unga umebaki kiasi gani. Najua ilivyo. Umeolewa na kitinda mimba, nyumba ya wazee ni yenu, basi kila Desemba jiko la ukoo mzima ni lako. Mwaka juzi nilipokuja nilikuona asubuhi ya Krismasi. Sisi tumevaa, tunaelekea usharikani. Wewe umechuchumaa mbele ya mafiga, macho mekundu kwa moshi, na nywele ulizosukia Moshi mjini umezifunga kofia ya nailoni zisinuke. Tulirudi saa nane, baada ya mnada wa sadaka kanisani, tukauliza chakula.

Sasa nikwambie tunavyofanya huku. Si kwamba Wazungu wanajua zaidi, ni kwamba huku hakuna wa kumtwisha mzigo. Tarehe 25 London haina basi wala treni ya chini ya ardhi, na maduka makubwa yanafungwa kwa sheria ya mwaka 2004. Asiye na gari haendi kokote. Kwa hiyo sisi wa huku mashariki mwa jiji sherehe yetu ni tarehe 26. Mwenyeji anatoa nyumba, wali na chai, basi. Nyama, mboga, vinywaji na hata sahani vinakuja na wageni.

Ujanja wote uko kwenye kugawa. Ukiuliza "mnaleta nini?" kila mtu anakuja na soda. Kuna mwaka tulikula pilau na mabakuli matano ya kachumbari. Nyama hakuna aliyeikumbuka. Tangu hapo mwenyeji anaandika kwenye kundi bila kuona haya: nyumba hii mapaja ya kuku kilo nne, yaje yameshakaangwa; nyumba ile chapati; fulani sahani za karatasi na mifuko ya taka. Vijana wasiojua kupika wanakuja mapema kupanga viti, na hawaondoki mpaka vyombo vimeoshwa. Hakuna anayenuna, maana kila mmoja anajua zamu yake ya kuwa mwenyeji inakuja.

Na tunapika kilicho rahisi sokoni. Wiki ya Krismasi maduka hushindana kushusha bei ya mboga, mfuko wa karoti au viazi unaupata kwa chini ya peni 20, basi karoti zinaingia kwenye kila kitu mpaka watoto wanalalamika. Ndizi za Uganda zipo, zinauzwa kwa kilo, na bei yake inaliza. Mtori unapikwa sufuria moja ndogo, ya wazee na ya mama anayenyonyesha, sisi wengine tunanusa. Watu wakijaa sebuleni hita tunaizima, nyumba inapata joto lenyewe. Kuaga nako hakuna shida: siku hiyo treni ni za kuhesabu, ratiba ndiyo inayofukuza wageni, si mwenye nyumba.

Haya yote tunayajua hata nyumbani, wifi. Harusi ikitajwa, wiki haiishi kuna kamati, mwenyekiti, mweka hazina na kadi za mchango. Krismasi ya watu thelathini anaachiwa mwanamke mmoja na mafiga matatu.

Basi nimeshaongea na kaka zangu, na kwenye kundi la familia nimeandika kwa jina langu ili lawama zije kwangu. Mwaka huu ndafu hakuna. Mbuzi wa kupambwa akae mpaka kuwe na harusi. Mbuzi wa kawaida atanunuliwa na kaka mkubwa, na wanaume watachinja, watachoma na supu watapika wenyewe. Kwa mila yetu Wachaga wa Machame kazi hiyo ni yao tangu zamani, ni vile siku hizi wameonja raha ya viti vya plastiki. Nyama nyingine iingie kwenye machalari. Ndizi zipo kihambani, shamba la hapo nyumbani, hatununui, na nyama ambayo ikichomwa haiwafikii wote, ikipikwa na ndizi inawatosha na kubaki.

Usiku wa tarehe 24 wape makande. Loweka mahindi na maharage tangu tarehe 23, yaive taratibu kwenye kuni. Mtu aliyeshinda kwenye basi kutoka Dar hachagui chakula. Pilau ya siku yenyewe, kwa kuwa machalari yapo, kilo nne za mchele zinatosha. Weka tano kama unataka watoto warudie. Nunua sasa hivi ule wa Mabogini, usisubiri Desemba bei ipande. Nimetuma laki moja na nusu ya mchele, mafuta na gesi. Nimetuma kwenye simu yako, si ya mdogo wangu, na sababu unaijua.

Makreti ya bia usiyaguse. Agiza mbege mapema kwa yule mama wa njia panda, maana ndizi na ulezi vinataka siku zake. Anayetaka bia aipakie kwenye buti ya gari lake. Wa Dar nimewapangia sukari, majani ya chai, mikate na sabuni za vyombo, na watoto wao wataosha, wavulana kwa wasichana. Wangu huku wanaosha na hakuna aliyekufa.

Fedha za sare na madaftari ya Januari usizitoe hata wakikuimbia.

Na tarehe 25 uende ibadani. Mke wa kaka mkubwa amekubali kubaki jikoni mwaka huu, mwakani atabaki mwingine. Vaa kile kitenge nilichokuletea, nasikia bado kiko sandukuni.

Limebaki moja tu. Mama atauliza habari za ndafu. Usimjibu kitu, mwambie nitampigia Jumapili baada ya ibada. Nitaanza na habari za wajukuu wake, halafu polepole nitafika kwa mbuzi.

Wifi yako akupendaye